Mshale wa Mawe

Mwalimu wa kisa hiki nimemtunga. Kosa lake sikulitunga. Nimeliona kwa watu wazima wenye shahada, nimeliona kwa vijana wenye nia njema, na kwa aibu niseme niliwahi kulifanya mwenyewe, katika umri ule ambao mtu huona kijiji chao kimeonewa na vitabu vyote vya dunia. Basi nimempeleka Mbalibali, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara, nikamvisha skafu na kumpa filimbi, ili nilitazame kosa hilo likiwa mbali kidogo na uso wangu.

Anafundisha shule ya msingi, na Jumamosi ni kiongozi wa skauti. Kila likizo ya Juni huwachukua watoto kama thelathini hadi penye mikuyu mikubwa, karibu na mahali maji yanapochomoza ardhini na kuanza kuwa kijito. Mahema hawana. Wana maturubai mawili, moja limetobolewa na panya. Sufuria ni za shule, kamba ni za katani, dagaa wametoka ziwani ndani ya kiroba. Usiku watoto hupokezana zamu ya kulinda moto, na zamu hiyo si mchezo kama ilivyo kwenye vitabu vya skauti vya Ulaya. Hifadhi iko jirani, na tembo wakivuka kufuata mahindi ya watu hawaulizi ratiba ya kambi inasemaje.

Anachokipenda Mwalimu kuliko vyote ni somo la alama za njia. Kundi la kwanza huondoka alfajiri na kuacha nyuma yake mawe yaliyopangwa kama mshale, fimbo mbili zilizopishana kumaanisha usipite hapa, fundo la nyasi penye njia panda. Kundi la pili hufuata jua likishachomoza. Katika somo hilo kuna sharti moja lisilo na msamaha: kama hujui njia, usiweke alama. Asiyekuta alama atasimama, atafikiri, pengine atarudi. Aliyekuta alama ya uongo atatembea kifua mbele kuelekea asikojua. Mwaka mmoja mtoto mtundu aligeuza mshale kwa utani, na wenzake wakatokea saa nane mchana kwenye shamba la mtu wasiyemjua, wamelia mpaka machozi yamekauka. Mwalimu alimvua mtoto yule skafu mbele ya wote. Skauti ni wa kuaminika, alimwambia, na kama si wa kuaminika basi hicho ni kitambaa tu cha shingoni.

Jioni moja, salio la simu likiwa la kutosha, Mwalimu alitafuta Mbalibali kwenye Wikipedia ya Kiswahili, akaikuta. Makala fupi ya kata, iko wilaya gani na mkoa gani, sensa ilihesabu watu wangapi, basi. Chini kuna maneno yale ambayo msomaji wa kamusi elezo hiyo ameshayazoea, kwamba makala bado ni mbegu na anayejua zaidi anakaribishwa kuongeza. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, miaka miwili baada ya ile ya Kiingereza, na kata nyingi za Tanzania zimeingia humo kwa mtindo huo wa mistari miwili mitatu. Nimesikia wasomi wakizicheka makala hizo. Mimi sizicheki. Mbegu haina aibu ya kuwa ndogo, mradi isiwe kokoto.

Mwalimu hakucheka wala hakufurahi. Alijiuliza: kata ipo, kambi yangu iko wapi?

Swali hilo lina jibu rahisi ambalo hakuna aliyempa. Kata imeingia kwa sababu serikali imeitangaza kuwa kata na makarani wa sensa wamepita nyumba kwa nyumba kuwahesabu watu wake. Ipo kwenye maandishi ya watu ambao hawakuwa na haja ya kuisifia. Kambi haijatangazwa na yeyote, haijahesabiwa na yeyote, na watu wote walioipenda wamelala chini ya maturubai yale mawili. Pangefaa kuongeza sentensi mbili tatu juu yake ndani ya makala ya kata, kama kuna lolote lililoandikwa la kuziegemeza. Lakini anayependa kitu hataki kukipangishia chumba, anataka kukijengea nyumba.

Akajenga. Aliandika makala ya sentensi sita, zote za kweli: mahali kambi ilipo, miti, watoto kama thelathini, likizo ya Juni, alama za njia, dagaa. Ndiyo, aliandika na dagaa. Siku mbili baadaye makala ilibandikwa pendekezo la kufutwa. Hakuna chanzo hata kimoja, aliandika mkabidhi mmoja, mtu wa kujitolea anayesafisha ukurasa baada ya ukurasa usiku akitoka kazini. Na umaarufu haujaonyeshwa. Ikafutwa.

Neno hilo, umaarufu, limetuharibia mengi. Ukimwambia mtu kitu chake hakina umaarufu, anasikia kwamba hakina thamani, kwamba kimepimwa mbele za watu kikaonekana chepesi. Wenye kanuni yao hawasemi hivyo. Ukiivua lugha ya kisheria, kanuni inauliza jambo moja tu: je, kuna watu wasiohusika na kitu hiki waliokwisha kukiandika kwa kirefu, mahali ambapo kuna mhariri au mchapishaji wa kujibu likitokea kosa? Kutajwa kwa mstari mmoja hakutoshi. Kipeperushi cha mwenye mali hakitoshi. Kambi inaweza kuwa imewalea vijana waadilifu kwa miaka arobaini ikakosa makala, na jengo bovu la mjini likapata kwa sababu magazeti manne yaligombana juu ya kuanguka kwake. Kanuni haisemi jengo ni bora. Inasema kuna mahali pa kwenda kuhakikisha.

Na Mwalimu hakuwa wa kwanza kugonga mlango huo. Marekani wana kambi za skauti zisizo na idadi, na kila iliyokuwa na kijana mwenye kompyuta ilijiandikia makala kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Wahariri walioshughulika na mada za skauti, wengi wao wakiwa skauti wenyewe, waliweka utaratibu kwamba vikosi na kambi za mitaa kwa kawaida zisisimame peke yake. Zitajwe ndani ya makala kuhusu uskauti wa jimbo zima. Zilizobaki na nyumba zao ni zile ambazo wageni wameziandikia. Brownsea, kisiwa cha Uingereza ambako Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alipiga kambi ya majaribio Agosti 1907, hicho hakuna wa kukigusa. Vivyo hivyo Gilwell Park, kituo cha kufundishia viongozi tangu 1919. Kwetu Afrika Mashariki kuna Nyeri, Baden-Powell alikomalizia maisha yake na kuzikwa Januari 1941, na jiwe la kaburi lake lina alama ya njia ambayo watoto wa Mbalibali wangeisoma bila msaada: duara lenye nukta katikati, yaani nimekwenda nyumbani. Mahali hapa pameandikwa mpaka wino umechoka. Si kosa la mikuyu ya Mbalibali kwamba haikupita mzungu mwenye daftari.

Hapo ndipo hasira ya Mwalimu inapokuwa na haki yake, na sitaki kuipita haraka. Vitabu na magazeti ya dunia hayakugawanywa sawa. Machi 2010 Wakenya walipotazama video ya wimbo wa kundi la Just A Band na kuanza kumtungia mambo Makmende, yule shujaa wa afro asiyeshindwa, jina lilikuwa midomoni mwa jiji zima la Nairobi. Makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza ilifutwa, ikaandikwa tena, ikafutwa tena, kwa kuwa waliokuwa wanafuta walikaa mbali na hawakuona sababu ya mtu huyo kuwemo. Wakenya wakapiga kelele, waandishi wa nje wakaandika kuhusu kelele hizo, na maandishi hayo yakasaidia makala kubaki. Utaona mzaha wenyewe. Makmende aliingia vizuri zaidi baada ya kukataliwa kuliko kabla. Lakini Makmende alikuwa na Nairobi nyuma yake, na Nairobi ina magazeti, redio na watu wenye muda wa kubishana kwa Kiingereza. Kambi ya Mbalibali ina mwalimu mmoja na salio la wiki.

Kwa hiyo namlaumu mkabidhi, kidogo. Kufuta hakukuwa kosa. Kosa ni kufuta bila kumwambia mgeni aelekee wapi. Angeandika mstari mmoja zaidi, kwamba ndugu, kwanza tafuta lililochapishwa, kisha ongeza kwenye makala ya kata, na lisilochapishwa lihifadhi kwanza mahali fulani, kisa hiki kingeishia hapa nami ningekosa cha kuandika.

Mwalimu aliambiwa hakuna chanzo, akaenda kukitengeneza.

Hakuanza na uongo mkubwa. Nani huanza na uongo mkubwa? Alianza na mwaka. Makala zote alizozisoma zilikuwa na mwaka wa kuanzishwa, na ya kwake haikuwa nao, ilikaa kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Uskauti ulifika Zanzibar mwaka 1912 na Tanganyika mwaka 1917, hivyo nafasi ilikuwa pana. Alichagua 1961. Ni mwaka mzuri, mwaka wa Uhuru, hakuna atakayeuhoji. Kisha akaongeza kwamba ni miongoni mwa kambi kongwe katika Mkoa wa Mara. Kongwe kuliko zipi, hakusema. Mwisho, usiku wa tatu, akaandika kwamba inasemekana Baden-Powell aliwahi kupita maeneo hayo akiwa safarini kutoka Nyeri. Hilo inasemekana ni neno la ajabu katika Kiswahili chetu. Halina msemaji. Ni mlango wa nyuma wa nyumba ambayo mlango wa mbele una askari.

Alifungua blogu, akayaweka humo. Akaandika upya makala kwenye kamusi elezo, akaitaja blogu kama chanzo. Mkabidhi aliitazama safari hii kwa haraka, akaona tarehe, akaona rejeo, akapita. Ana makala elfu za kutazama.

Miezi ikapita, na jambo likaanza kutembea kwa miguu yake. Kata ilikuwa inaandaa sherehe ya vijana, kukawa na mgeni rasmi, na palipo na mgeni rasmi pana risala. Msomaji wetu anaijua risala: karatasi nne, mwanafunzi mwenye sauti kali, "ndugu mgeni rasmi" kila baada ya sentensi, na karibu na mwanzo kuna historia fupi ya taasisi. Mwanafunzi aliyeteuliwa kuiandaa alifanya alichofundishwa, akatafuta mtandaoni. Akaukuta mwaka 1961. Fulana zikachapwa zenye maneno Tangu 1961 mgongoni. Bango likatundikwa kati ya mikuyu miwili. Mgeni rasmi, katika kujibu risala, akasifu kambi iliyozaliwa pamoja na taifa, akaahidi mahema kumi. Mwandishi wa habari aliyeandamana na msafara akaandika aya tano, na aya ya pili ilikuwa na mwaka.

Gazeti lilipotoka, kijana mmoja mwenye bidii, asiyemjua Mwalimu wala Mbalibali, aliona makala ile ina rejeo dhaifu la blogu. Akaliondoa na kuweka gazeti. Makala sasa ilikuwa na chanzo cha kuaminika, cha watu wengine, kilichochapishwa. Mto umenywa maji yake wenyewe, na hakuna aliyedanganya isipokuwa yule wa kwanza.

Msidhani haya ni ya Mara tu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa Marekani aliongeza utani kwenye makala ya Wikipedia ya Kiingereza kuhusu koati, mnyama wa Amerika mwenye pua ndefu na mkia wa pete. Aliandika kwamba huyo huitwa pia muhanga wa Brazili. Muhanga sisi tunamjua, ni wa kwetu, anachimba vichuguu vya mchwa usiku katika mbuga za Serengeti na Afrika yote kusini mwa Sahara. Brazili hayupo. Lakini jina lilikaa, magazeti ya Uingereza yakalitumia, likaingia mpaka kwenye kitabu kilichochapishwa na chuo kikuu, na baadaye magazeti yaleyale yakawekwa kwenye makala kuwa ushahidi wa jina. Ilichukua miaka sita kabla mambo hayajawekwa hadharani. Utani wa mtoto ulikuwa umeshamzaa mnyama.

Siku ya sherehe, katika viti vya plastiki vya mstari wa mbele, alikaa mzee mmoja ambaye hakupiga makofi mwaka ulipotajwa. Hakusema neno. Wazee wa huko hawamkatizi mtoto anayesoma mbele ya wageni. Baada ya wiki alimtuma mjukuu amwite Mwalimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Vuta kigoda. Ile sitini na moja mmeitoa wapi?"

"Iko kwenye mtandao, mzee."

"Kwenye mtandao kaiweka nani?"

Kuku walipita katikati yao. Mwalimu alikitazama kiatu chake.

"Sitini na moja," mzee alisema, "hapo mnapolala palikuwa pori na mbung'o. Sisi tumeletwa hapa wakati wa vijiji. Tumekuta miti na maji, na nyani wakitushangaa."

Ndipo alipomsimulia. Kambi ilianza vita vya Amin vilipokwisha. Watoto wote wa kijiji walikuwa wanacheza vita, hakuna mchezo mwingine. Kila mmoja alikuwa na bunduki ya mti, wanajificha nyuma ya maghala, wanauana tangu asubuhi hadi mama zao wawaite kula. Baadhi yao kaka zao walikwenda Kagera kweli, na mmoja hakurudi, na mdogo wake ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Palikuwa na mwalimu mgeni, kijana, mtu wa mkoa mwingine. Siku moja akawaambia watoto waje na bunduki zao zote pale penye mikuyu. Wakaja wakidhani ni gwaride. Akazichukua, akazilaza mbili mbili, akazifunga kwa kamba na magunia, zikawa machela. Akamlaza juu yake yule mdogo wa marehemu, akawaambia wenzake wambebe mpaka kwa mama yake bila kumwangusha. Wakambeba. Kesho yake wakauliza atawafundisha fundo gani lingine.

"Huo ndio mwanzo," mzee alisema. "Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe ng'ambo ya kijito, niliona kwa macho. Mura, umekuwa na habari kama hiyo hapo jirani, ukaenda kukopa ya mzungu?"

Ningeweza kusimama hapa kumhurumia Mwalimu, lakini ninayemhurumia zaidi ni mzee. Maana fikirini hesabu ilivyo. Enzi za Waingereza, maofisa wa wilaya waliandika madaftari ya wilaya, Tanganyika nzima. Ofisa alipita sehemu, akauliza mawili matatu kwa mkalimani, akaandika asili ya kabila zima kwa kurasa chache, akahamishwa. Madaftari hayo leo yamo katika nyaraka za taifa, na msomi akiyataja hakuna anayenung'unika. Mzee aliyekuwepo, mwenye macho yake, hana pa kuwekwa. Mwaka 2011 kulikuwa na jaribio la kurekodi wazee wa India na Afrika Kusini ili sauti zao zikubalike kama rejeo kwenye Wikipedia. Filamu yake iliitwa People are Knowledge. Wahariri wengi wa Kiingereza waliguna, wakisema sauti isiyopitiwa na mhariri yeyote ni sawa na mtu kujishuhudia mwenyewe. Sikubaliani nao moja kwa moja, ila nimeelewa wanachoogopa. Wanaogopa watu kama Mwalimu wetu.

Na bado upande huohuo wa Mara umeonyesha kwamba njia ipo. Mwaka 2003 mwanahistoria Jan Bender Shetler alichapisha kitabu cha historia za Mara ya Kusini zilizoandikwa na watu wa huko wenyewe, kwa Kiswahili, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Miaka minne baadaye alitoa kingine, Imagining Serengeti, kinachojengwa juu ya masimulizi ya wazee kuhusu ardhi ambayo watalii wanaambiwa haikuwahi kuwa na watu. Maneno ya wazee hayakuwa na thamani zaidi siku yalipochapishwa kuliko siku moja kabla. Kilichoongezeka ni kwamba mtu wa Bukoba au wa Berlin sasa anaweza kufungua ukurasa na kuona nani kasema, kasema nini, na kamwambia nani. Mshale umewekwa na aliyeijua njia. Hata kitabu cha wageni cha ofisi ya kijiji, kile chenye safu ya jina, mahali utokako na sababu ya kuja, kingeweza kuwa mwanzo. Yule mwalimu mgeni lazima alisaini mahali.

Mwalimu alirudi nyumbani mbio, hakula. Alifungua makala, akafuta 1961, akaondoa kambi kongwe, akamwondoa Baden-Powell na inasemekana yake yote, akaandika kwa ufupi kisa cha bunduki za mti. Alilala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Asubuhi makala ilikuwa imerudishwa ilivyokuwa. Aliyeirudisha, yule kijana mwenye bidii, aliacha maelezo mafupi, kwa adabu kabisa: "Mwaka wa kuanzishwa una chanzo tayari. Habari mpya haina. Tafadhali usiondoe taarifa zenye rejeo."

Mwalimu alibofya rejeo. Likamfungulia gazeti, na kwenye gazeti picha ya mwanafunzi wake akisoma risala, mgongoni fulana, na bango kati ya mikuyu miwili.

Aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba mwaka ule aliutunga yeye. Akajibiwa kwamba haiwezekani kujua kama kweli ndiye, na hata akiwa ndiye, neno lake dhidi ya gazeti ni neno lake tu. Jibu hilo lilikuwa sahihi kila herufi. Alimpigia mwandishi wa gazeti, simu ikaita mpaka ikakatika. Siku hizi mtoto wa sekondari akiiuliza programu ya akili mnemba kambi ile ilianza lini, hujibiwa mara moja, bila blogu wala gazeti wala jina la mtu, bila jiwe hata moja la kumrudisha nyuma: 1961.

Akarudi kwa mzee. Alikwenda jioni, na daftari jipya la kaunta chini ya kwapa, kalamu mbili mfukoni. Alimweleza yote, tangu usiku wa kwanza. Mzee alisikiliza akiwa amekishika kifimbo chake kwa mikono miwili, hakumkatiza.

"Sasa wanasemaje hao wenzio?" aliuliza mwishowe.

"Wanasema habari yako ni nzuri, mzee, ila haina chanzo. Wanataka chanzo."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mtu aliyeuliza jua linachomozea wapi.

"Chanzo?" alisema. "Si kiko pale juu, penye mikuyu? Hakijawahi kukauka hata mwaka wa njaa." Akaegemea kifimbo, akainuka. "Chukua hilo daftari lako. Nitakuonyesha na mahali alipozilaza bunduki."

Walipofika, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mikuyu na maji yalikuwa meusi. Bango la Tangu 1961 lilikuwa bado limetundikwa, kona moja imeachia, upepo unalipiga. Mzee hakulitazama. Aligusa ardhi kwa ncha ya kifimbo, mara mbili, akasogea hatua, akagusa tena.

"Hapa," alisema. "Anza kuandika hapa. Na jina la yule mtoto aliyelazwa juu usiliandike mpaka nikamwulize mwenyewe. Yupo, anauza ng'ombe mnadani."